Vitri inayocheza

Kama uko Bukavu, huku Kongo kwa ziwa Kivu, na unakaa mu nyumba ya zamani, zile za Nyawera, za Muhumba, za La Botte, zenye madirisha ya chuma na kona za mviringo, fanya hivi leo kabla jua halijazama. Simama mu salo, sebuleni, chagua kitu kilichonyooka kule nje, poto (nguzo) ya umeme ama kona ya ukuta wa jirani, halafu peleka kichwa kushoto, rudisha kulia, polepole. Kama ile poto inabaki imenyooka, vitri yako, kile kioo cha dirisha, ni ya juzi juzi. Kama inajikunja kama nyoka anayevuka barabara, usiiguse, na usiache mtu aiguse, soma kwanza.

Naandika hii sababu ya kitu nilichoona wiki tatu zilizopita. Familia moja tunayofahamiana ilikuwa inabadilisha madirisha, wanatoa shasi (fremu) za chuma wanaweka aluminiamu, na sina neno juu ya hilo, chuma kikishaliwa na kutu mvua ya mwezi wa kumi na moja inakufuata mpaka kitandani, kila mtu wa Bukavu anajua. Nilikuwa nimemsindikiza baba mdogo, yeye njo fundi wa vitri toka mimi mtoto, mikono yake yote imejaa alama ndogo nyeupe za kukatwa. Tulipofika, vijana waliokuwa wanabomoa walikuwa wameshapiga nyundo vyumba viwili vizima, wanakusanya vipande mu karai. Baba mdogo akasimama mlangoni bila kusema kitu. Akaenda kwa dirisha la salo, lile lililobaki, akagonga kwa ukucha, akaweka shavu karibu kabisa na vitri, akaniita: "Mwana, kuya uone. Hii haitoki tena kiwandani."

Tuliomba mwenye nyumba atuachie siku moja. Mastiki ya zamani, ile inayoshikilia vitri kwa shasi, ni unga wa chaki na mafuta ya kitani, ikishakaa miaka inakuwa jiwe, ukiikwangua kwa nguvu unavunja vitri, kwa hiyo baba mdogo alikuwa anaipasha moto kwa chuma alichoweka kwa makaa, anasubiri inuse, ndio anapitisha kisu, sentimita mbili, anapasha tena. Harufu yake ni kama ya rangi ya mafuta na sufuria iliyosahauliwa motoni. Kutoka asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, vitri kumi na mbili, tukatoa tisa nzima. Mbili zilikuwa na ufa tayari, naamini ufa ule ni wa tetemeko la ile Jumapili ya 3 Februari 2008, wenye walikuwa kanisani asubuhi ile hawajasahau. Moja ilivunjika mkononi mwangu, na mpaka leo inaniuma.

Sasa wakati tunafunga zile tisa mu blanketi, kijana wa nyumba, mwanafunzi wa chuo, mtoto mwenye akili sana, akaniuliza kwa heshima kabisa: "Lakini kaka, mnajisumbua ya nini, vitri si kitu yetu, ilikuja na bazungu, sisi hatukuwaka na madirisha." Sikumjibu vizuri, nilikuwa nimechoka. Nimekaa na lile swali wiki tatu, na jibu langu limekuwa refu, njo hili hapa.

Tuanze na Misri. Kioo ni mchanga ulioyeyuka, lakini mchanga peke yake unataka moto mkali kupita kiasi, kwa hiyo wazee wa zamani walichanganya na magadi ili uyeyuke upesi, pamoja na chokaa kidogo ili kioo kisiharibiwe na maji. Magadi mazuri ya asili yalikuwa Wadi Natrun, bonde lenye maziwa ya chumvi upande wa magharibi wa mto Nile, na palepale kumekutwa mabaki ya matanuri makubwa ya enzi za Waroma. Walikuwa wanayeyusha kioo kibichi kwa wingi, wanakivunja mabonge, mabonge yanapakiwa mu mashua mpaka ng'ambo ya bahari, fundi wa kule anakiyeyusha upya kutengeneza anachotaka yeye. Na mu karne ya 1 njo wakati Waroma walianza kumwaga kioo juu ya meza bapa ili kitoke kama kibao cha kuziba dirisha, upande mmoja laini, upande mwingine umekwaruza, mwanga unaingia lakini huoni mtu vizuri. Waliofaidi sana ni wenye mabafu ya maji moto, sababu walitaka mwanga na hawakutaka joto litoke.

Mu mwaka 301 Kaisari Diocletian alitoa orodha ya bei ambazo hakuna mtu alipaswa kuzipita mu himaya yote, na kioo kiko ndani. Ratili moja ya kioo cha Aleksandria, mji wa Misri, ni dinari 24. Ratili ya kile cha Yudea, cha kijani kijani, ni dinari 13. Karibu mara mbili! Kioo cha Afrika njo kilikuwa kile cha bei, kile cheupe, kile mtu alijivunia. Kwa hiyo ule usemi kwamba kioo kilikuja Afrika na mzungu, kwa upande wa kaskazini ni kinyume kabisa: kioo kilitoka Afrika kikaenda Ulaya, na karne nyingi zilipita ndio kikarudi kwa njia nyingine kabisa mpaka kwetu hapa ziwani.

Misri hiyohiyo, baadaye, kwa Waislamu wa Kairo, dirisha la kioo likawa kitu kingine tena, na hapa naomba uniache nikae kidogo sababu mimi njo panaponigusa zaidi. Wanaliita qamariyya, kutoka qamar, mwezi, ama shamsiyya, kutoka shams, jua. Fundi anamwaga jasi kama kibao kinene, kabla haijakauka sana anaichonga matundu, maua, nyota, mitungi, halafu kwa nyuma anabandika vipande vidogo vya kioo cha rangi, chekundu, buluu, kijani, kimoja kwa kila tundu. Na yale matundu hachongi yamenyooka, anayachonga yameinama kuangalia chini, maana anajua dirisha litakaa juu na mtu atakuwa amesimama chini, anataka rangi imfikie usoni. Kwa kaburi la Sultani Qalawun, jengo la 1284 na 1285 pale Kairo, madirisha ya namna hiyo yapo. Haikuwa kioo cha kuangalia nje, hakuna mtu anachungulia barabara kupitia pale, ni cha kubadilisha mwanga kabla haujaingia. Fundi wa vitri yeyote wa Kadutu hapa Bukavu ukimwonyesha picha ya kazi ile atanyamaza dakika nzima.

Shuka sasa, vuka jangwa, nenda Ile-Ife, nchi ya Nigeria. Pale Igbo Olokun watu walitengeneza kioo chao wenyewe kuanzia karne ya 11 hivi mpaka ya 15, kwa mchanganyiko wao wenyewe, si wa Misri, si wa Waarabu, kipimo cha chokaa na cha madini ya alumina ndani yake hakifanani na cha mahali pengine. Mtafiti Abidemi Babatunde Babalola na wenzake walichimba pale wakatoa zaidi ya shanga 12,000, na vipande mamia vya vyungu vya kuyeyushia bado vina kioo cha buluu kimeganda kwa ukingo. Vyungu! Hebu fikiri moto ule. Kioo kile chote kilienda kwa shanga, kwa shingo za wafalme na kwa biashara, hakikuenda dirishani. Na sidhani ni kwa sababu hawakuweza. Nyumba ya Kiyoruba ya mtu mkubwa inazunguka uwanja ulio wazi juu, mwanga unashukia pale katikati, mvua pia inashukia pale na kukusanywa mu mitungi, vyumba viko pembeni kwa kivuli, baridi. Ukishakuwa na uwanja ule, vitri ya kazi gani? Mwanga unao, hewa unayo, na jirani haoni unakula nini.

Pwani yetu ya Waswahili vilevile. Husuni Kubwa ya Kilwa, ya karne ya 14, ama zile nyumba za mawe za Lamu, kuta za matumbawe nene, vyumba virefu vyembamba sababu boriti za mikoko hazifiki mbali, mwanga unatoka kwa kiwanda cha ndani, yaani uwanja ulio wazi juu, chumba cha mwisho kabisa kina giza na hilo giza lilitakiwa, ni baridi na ni sitara. Vyombo vya kioo vilifika pwani kwa majahazi, shanga za kioo ndio usiseme. Wangetaka kuziba dirisha wangejua pa kuuliza. Kioo cha rangi kwa madirisha na vibaraza kilikuja baadaye sana, mtu akitembea Mji Mkongwe wa Unguja anakiona kwa ile zahanati ya zamani mbele ya bandari aliyoijengesha Tharia Topan miaka ya 1880 na 1890, buluu na nyekundu kati ya mbao zilizochongwa kama kitambaa.

Na neno dirisha lenyewe? Ni la Kiajemi, maana yake mlango mdogo. Lilitembea na Kiswahili kutoka pwani, na misafara ya karne ya 19 ikakileta Kiswahili mpaka huku kwetu Maniema na Kivu. Tulipata jina la dirisha kwanza, vitri ikachelewa. Na angalia tunavyoongea mpaka leo: kioo kwetu ni kile cha kujiangalia, cha dirisha tunakiita vitri, kwa Kifaransa, kama vile ni vitu viwili tofauti. Ni kitu kimoja.

Kabla sijafika kwa Wabelgiji kuna kitu cha Kongo Chini, kule karibu na bahari, lazima nikiseme. Watu wa kabila la Kongo, Wayombe na jirani zao, waliunda minkisi, zile sanamu zenye dawa, na nyingi zina dawa tumboni, na tumbo limezibwa na kipande cha kioo. Macho pia, kioo. Kwa wenye kuitumia, kioo kile kilikuwa njia ya kuona upande wa pili, kule kwa wafu, kunakofanana na maji yaliyotulia. Vipande vingi vilikuja na meli za Wazungu kama vioo vya kawaida vya kujiangalia, wakavikata, wakavipa kazi hiyo. Mimi nikiangalia picha za sanamu hizo naona dirisha. Mtu amechukua kioo akaziba nacho tundu, ili kilicho ndani kisitoke na anayetaka kuona aone. Kama hilo si dirisha sijui tuite nini.

Na bibi zetu huku milimani? Nyumba ya zamani ya Bushi, nchi ya Washi huku kwetu, ilikuwa ya msonge, majani kutoka juu mpaka chini, moto katikati ya nyumba usiku na mchana, moshi unapanda wenyewe kupitia majani, unayakausha, unafukuza wadudu. Ukiweka vitri mu nyumba ile kwa wiki mbili imekuwa nyeusi kama chungu. Dirisha la nyumba ya bibi lilikuwa paa lote. Kwa hiyo yule kijana alisema kweli nusu: hatukuwa na vitri hapa. Lakini ile "hatukuwaka na" ina sauti ya mtu maskini anayehesabu vitu alivyokosa, na hiyo sauti njo nakataa. Kila mahali mtu alijenga kwa moto wake, kwa mvua yake na kwa haya yake. Wazungu wenyewe Rasi ya Tumaini Jema, Waholandi waliofika 1652, walikuwa wanaagiza kioo kwa meli kutoka kwao na madirisha yao yamegawanywa vipande vidogo vidogo vingi, sababu kioo cha wakati ule kilipulizwa kwa mdomo, kikubwa kilikuwa bei na kilivunjika njiani.

Bon, sasa Wabelgiji. Vitri ya dirisha, karne ya 19, mojawapo ya sehemu kubwa kabisa duniani kuitengeneza ilikuwa Charleroi na vijiji vyake, Jumet, Lodelinsart, Dampremy. Walikuwa wanaifanya hivi: mpuliziaji anachota kioo cha moto kwa bomba refu la chuma, anapuliza huku anakibembeza juu ya shimo kama kengele ya kanisa, kinarefuka, kinakuwa mtungi mrefu kuliko mtoto. Wanakata ncha zote mbili, wanapasua kwa urefu, wanakirudisha mu tanuri, kinafunguka na kulala kama karatasi. Mapafu ya mtu! Kila vitri ya dirisha ilikuwa pumzi ya mtu mmoja. Wale wapulizaji walikuwa wafanyakazi wenye kiburi na mshahara mzuri, na matanuri mapya yalipokuja kutishia kazi yao hasira ilikuwa kubwa, mu mwezi wa tatu 1886 wakati wa mgomo mkubwa kiwanda cha Baudoux pale Jumet kilichomwa moto. Halafu mwanzoni mwa karne ya 20 Émile Fourcault, Mbelgiji, akaleta mashine: kipande cha udongo chenye mwanya kinakandamizwa juu ya kioo kilichoyeyuka, kioo kinachuruzika kwenda juu kupitia mwanya ule, roda zinakivuta wima kama mtu anayevuta kitambaa kutoka mu maji. Mapafu yakapumzika. Lakini kile kitambaa hakikutoka sawa kabisa, kilibeba mistari na mawimbi madogo ya kule kuvutwa.

Yale mawimbi njo yanayokunja poto yako ya umeme.

Mji huu wa Costermansville, kama walivyouita, ulijengwa sana miaka ya 1930 mpaka 1950, njo maana zile nyumba zetu za kona za mviringo zinafanana kidugu. Na njia kubwa ya mizigo ya Ulaya kuja Kivu ilikuwa ndefu: meli mpaka Dar es Salaam, ambapo Wabelgiji walipewa gati yao mu 1921, gari la moshi mpaka Kigoma, meli tena juu ya Tanganyika mpaka Uvira, halafu barabara, Kamanyola, zile kona za Ngomo ambazo mpaka leo dereva anafanya ishara ya msalaba kabla hajaanza kupanda. Kioo milimita tatu. Mu sanduku, mu majani makavu, kusimamishwa wima, maana vitri haibebwi imelala, baba mdogo anasema ukiilaza tu uzito wake wenyewe unaivunja. Na nani alibeba masanduku yale mgongoni kutoka gari mpaka juu ya Muhumba? Nani alipaka mastiki? Alama ya dole gumba iko kwa mastiki ya pembeni ya vitri yetu ya saba, imekauka nayo, mistari ya kidole bado inaonekana. Ni kidole kidogo, kama cha kijana. Nimeipiga picha kabla baba mdogo hajaikwangua, na alinisubiri nimalize.

Kitu kimoja nataka kurekebisha sababu mafundi wengi wanakisema, hata baba mdogo alikisema siku ile, naye nampenda na ninamheshimu: kwamba kioo ni maji yanayotembea polepole, njo maana vitri ya zamani ni nene chini kuliko juu, eti imeshuka na miaka. Hapana. Kioo kwa joto la nyumba hakisogei, si miaka hamsini, si miaka elfu. Vile vya Waroma havijashuka. Vitri ilitoka kiwandani tayari upande mmoja mnene, na fundi mwenye akili aliweka mnene chini isimame vizuri. Tulipima zetu tisa na kipimo cha fundi wa chuma: tano ni nene chini, mbili ni nene juu, mbili ni nene pembeni. Baba mdogo akaangalia, akapima tena yeye mwenyewe, akasema, "Basi huyo fundi alikuwa na haraka siku ile."

Vitri za leo ni za namna nyingine, toka Pilkington kule Uingereza watangaze njia yao mu 1959, kioo kinamwagwa juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, kinaelea, kinapoa kikiwa sawasawa kabisa pande zote mbili. Ni nzuri, hazikunji kitu. Hata mawimbi yale hazina, kwa hiyo ukivunja ya zamani huku kwetu hutapata nyingine kama ile, duka hakuna, Nguba hapa mjini hakuna, Kigali hakuna. Kwa hiyo ombi langu kwa wenye nyumba na kwa vijana wa kubomoa: badilisheni shasi, lakini kabla ya nyundo jaribuni ile ya kichwa kushoto na kulia. Kama inacheza, mwiteni fundi mzee aitoe. Vitri ya zamani inakatika kwa shida, gurudumu la kukatia lipakwe petroli (mafuta ya taa) na upite mara moja tu bila kurudia, ukisikia inaimba sauti moja toka mwanzo mpaka mwisho ujue itakatika vizuri, ikikwaruza acha.

Zetu mbili tulizikata Jumamosi iliyopita, tukaziweka kwa dirisha la jikoni kwa mama, shasi ya mbao mpya, mastiki mpya, harufu ileile. Mama alikuwa anamenya ndizi, hakuangalia kwanza. Halafu akainua kichwa. Kutoka jikoni kwake unaona kipande cha ziwa, kidogo, kati ya mapaa mawili ya manjanja ya jirani, na wakati ule boti ilikuwa inapita kwenda kisiwa cha Idjwi. Ilipofika katikati ya vitri ikakatika vipande viwili, ikaenda hivyo kidogo, mbele na nyuma zimeachana, ikaungana tena ikaendelea na safari. Mama akaweka kisu chini, akasema tusubiri ingine ipite.